Ukituma Jagi la Umeme, Ulizia na Waya: Usalama wa Vyombo vya Jikoni katika Nyumba za Wazazi Wetu

(Mada iliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliponiita nilidhani, kama kawaida, nitaombwa kusoma mapato na matumizi. Safari hii nimeombwa nizungumzie umeme jikoni. Mimi ni mhasibu, si fundi umeme. Kwa hiyo mambo ya kiufundi nitakayoyataja nimeyapitisha kwanza kwa fundi mwenye leseni. Yaliyobaki ni hesabu, na nimejifunza kwamba sehemu kubwa ya usalama wa umeme nyumbani ni hesabu za kujumlisha na kugawanya tu. Mtoto wa darasa la tano anaziweza.

Kwa nini tunalizungumza leo

Wengi wetu ukumbini humu tulisoma kwa koroboi. Kwa miaka mingi umeme wa kwetu ulitoka Uganda, ukapita Masaka hadi kituo cha Kyaka, na ukifika kwetu uliishia kwenye miji na vituo vichache vya biashara. Mambo yalibadilika baada ya kuundwa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, kwa sheria ya mwaka 2005, ukaanza kazi mwaka 2007. Leo nguzo zimeingia migombani. Mwananchi wa kijijini anaunganishiwa umeme kwa Sh 27,000. Mto Kagera wenyewe, tuliokuwa tukiuogopa kwa mamba, sasa unazalisha umeme: kule Rusumo kuna mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na pale Murongo, mpakani, kuna mradi tunaoshirikiana na Uganda.

Pia mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Jambo hili ni jema. Mama zetu wamevuta moshi wa kuni maisha yao yote, na vilima vyetu vinazidi kubaki vipara. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akasema mhasibu amewatisha watu wasipike kwa umeme. Nataka wapike, tena wapike sana. Ninachouliza ni kama waya uliomo ukutani unaweza kazi hiyo.

Nyumba nyingi za wazazi wetu zilifungwa waya kwa mahitaji ya siku ile: taa tatu au nne, soketi moja ya redio na ya kuchajia simu. Nyingine hazikutandazwa waya kabisa, zilipewa kile kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kilichotengenezwa kwa nyumba ya chumba kimoja au viwili. Mzee aliridhika na sisi tuliridhika. Taa iliwaka.

Kisha ikaja Desemba. Kila mmoja wetu hapakii basi mikono mitupu. Mmoja anabeba jagi la umeme, mwingine pasi, mwingine jiko la plate mbili, aliyepandishwa cheo anabeba friji na maikrowevu. Ndani ya miaka mitatu nyumba ya taa nne ina vyombo saba, na hakuna aliyegusa waya hata mmoja. Aliyeleta kila chombo anakijua chombo chake. Hakuna anayejua jumla.

Na hapa ndipo mhasibu anapoingia. Katika vitabu vya Umoja wetu kuna kifungu cha rambirambi na pole. Ndugu akiunguliwa nyumba, tunachanga. Tunachanga haraka na kwa moyo, na ninajivunia kuwa mtunza vitabu vya watu wa namna hii. Lakini hatuna kifungu hata kimoja cha ukaguzi. Tuna fungu la kujengea ukuta, hatuna fungu la kuziba ufa.

Hesabu ya kwanza: gawanya kwa 230

Kila chombo cha umeme kina kibandiko chini au nyuma, na juu yake kimeandikwa wati zake. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Chukua wati, gawanya kwa 230, unapata ampea. Ampea ndizo mzigo anaobebeshwa waya. Hizi ni namba za kawaida, ingawa chombo chako unapaswa kukisoma mwenyewe:

Jagi la umeme: wati 2,000, ampea 8.7
Jiko la plate moja: wati 1,500, ampea 6.5
Pasi: wati 1,200, ampea 5.2
Maikrowevu: wati 1,200, ampea 5.2
Presha kuka ya umeme: wati 1,000, ampea 4.3
Sufuria ya umeme ya wali: wati 700, ampea 3
Blenda: wati 400, ampea 1.7
Friji ndogo: wati 150, chini ya ampea 1

Mnaona wenyewe. Kinachokula umeme mwingi ni kile kinachotoa joto. Friji tunayoiogopa kwa ukubwa wake inabeba mzigo mdogo kuliko jagi linalokaa kiganjani.

Sasa tuchukue asubuhi ya Krismasi. Bibi anachemsha maji ya chai kwa jagi. Shangazi ameweka ebitoke kwenye plate. Kijana ananyoosha shati la kanisani. Jumlisha: 2,000 na 1,500 na 1,200 ni wati 4,700. Gawanya kwa 230: ampea 20 na ushei. Na kwa kuwa sebuleni soketi ni moja, vyote vitatu vimechomekwa kwenye ekstensheni moja ya sokoni.

Plagi ya miguu mitatu tunayotumia ina fyuzi ndani yake, na kubwa kabisa ni ya ampea 13. Maana yake, kitu chochote kinachopita kwenye plagi moja, hata ekstensheni yenye matundu sita, kisizidi wati 2,990, au tuseme 3,000. Matundu sita hayana maana ya ruhusa ya majagi sita. Na hapo nazungumzia ekstensheni nzuri. Zile nyembamba za bei ya chini nyingi zina waya wa 0.75, ambao uwezo wake ni kama ampea 6. Jagi peke yake linauzidi.

Je, waya ukizidiwa hufanyaje? Hupata joto. Na joto hilo halipandi kwa ngazi sawa na mzigo. Ukiongeza ampea mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne. Ukiongeza mara tatu, joto ni mara tisa. Ndiyo maana ekstensheni iliyokuwa ya vuguvugu tu mwaka jana inaweza kuyeyuka mwaka huu kwa kuongezewa chombo kimoja.

Kanuni ya kuondoka nayo ni rahisi. Chombo cha joto kimoja, soketi moja ya ukutani, kwa wakati mmoja. Jagi likimaliza, washa plate. Plate ikizimwa, piga pasi. Ekstensheni ibaki kwa simu, redio na televisheni. Na shika plagi kwa mkono baada ya robo saa: ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uuondoe mkono, kitu kimelegea au kimezidiwa. Zima, usingoje harufu.

Waya wa ukutani na breka

Mafundi wanapofunga nyumba vizuri hutumia waya wa 1.5 kwa taa, waya wa 2.5 kwa soketi, na kwa jiko kubwa la umeme hupeleka waya wake peke yake, wa 6, wenye breka yake na swichi yake. Nyumba iliyofungwa kwa kubana matumizi mara nyingi soketi yake imechukuliwa kwenye waya wa taa. Kwa nje huwezi kujua. Soketi ni ileile nyeupe, inapendeza, lakini nyuma yake kuna waya wa 1.5 uliopangwa kubeba balbu.

Kazi ya breka kwenye meni swichi ni kuulinda waya huo. Breka inapokatika kila jagi linapowashwa, haijaharibika. Inatupa taarifa kwamba waya umefika mwisho wa uwezo wake. Tabia iliyoenea ni kumwita kijana wa mtaani, naye anatoa breka ya ampea 10 na kuweka ya 32, "ili isisumbue." Kweli, haitasumbua tena. Mzigo ule ule sasa unapita kwenye waya ule ule mdogo, na mlinzi ameondolewa. Ni sawa na mhasibu kuona daftari halisawaziki, akafuta safu ya tofauti. Hesabu itapendeza, ila fedha bado zimepotea.

Ndivyo ilivyo pia kwa fyuzi ya plagi. Ikiungua tunaweka kipande cha waya au karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Fyuzi mpya inauzwa kwa bei ya soda au chini yake. Tafadhali, mnaporudi nyumbani wekeni fyuzi chache mfukoni.

Mguu wa tatu wa plagi

Naomba akina mama wanisikilize hapa. Ule mguu wa juu wa plagi, mrefu kuliko mingine, ni wa waya wa ethi, yaani waya unaoshuka ardhini. Kazi yake ni siku moja tu katika maisha ya chombo: siku ambayo waya wa ndani umechubuka na umeme umegusa bati la jagi au la plate. Siku hiyo, kama ethi ipo, umeme unakimbilia ardhini na breka inakata. Kama haipo, bati linabaki na umeme, likisubiri mkono wa mtu. Na mtu huyo mara nyingi ni mama, mikono ina maji, miguu haina viatu, amesimama kwenye sakafu yenye unyevu.

Sasa fikirini tunavyofanya. Chombo kimekuja na plagi ya miguu miwili. Soketi inakataa. Tunachukua peni, tunaisukuma kwenye tundu la juu, mlango wa ndani unafunguka, tunachomeka. Watoto wanatuona, na wao kesho watatumia msumari. Wengine hukata plagi kabisa na kupachika nyaya kwenye soketi kwa njiti za kiberiti. Kwa chaja ya simu, ambayo imefunikwa plastiki pande zote, tafuta adapta inayofaa. Kwa chombo chochote chenye bati kinachochemsha maji au kupika, nunua chenye plagi ya miguu mitatu, na usikubali vinginevyo.

Lakini mguu wa tatu hauna faida kama nyuma ya soketi hakuna waya wa ethi, au kama ule mkuki wa ethi nje ya nyumba haukuchimbiwa, au uliibwa, au waya wake ulikatwa na jembe. Nendeni mkautazame. Unatoka ukutani karibu na mita na kuzama ardhini. Kama hamwoni kitu, ulizeni.

Kuna kifaa kingine kinachokaa kwenye meni swichi, mafundi wanakiita RCD. Chenyewe hupima umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua kidogo tu, kwa milliampea 30, maana yake kuna mahali unavuja, labda kupitia mwilini mwa mtu, na hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kina kitufe kidogo cha majaribio. Kibonyezeni kila baada ya miezi mitatu: kisipokata, hakipo kazini. Kama kuna kitu kimoja ningependa kila nyumba ya mzazi wa mwanachama wetu iwe nacho, ni hiki.

Jiko la nje

Kwetu jiko liko nje, nyuma ya nyumba kubwa. Kwa hiyo umeme wa jikoni hutolewa ndani kwa waya unaopita dirishani, ukaninginia juu ya kamba ya nguo au ukalala kwenye majani chini ya migomba. Waya uliotengenezwa kwa ajili ya ndani ya ukuta hauvumilii jua. Ngozi yake hukauka na kupasuka. Ukilala chini, hukutana na jembe, panya na mvua zetu zisizokoma.

Waya wa kwenda jiko la nje unatakiwa uchimbiwe, uwe wa aina iliyotengenezwa kwa kuchimbiwa, au upite juu ukiwa umeshikiliwa vizuri, nao uwe na breka yake ndani ya nyumba kubwa. Soketi ya jikoni iwe juu ya usawa wa meza, mbali na ndoo na beseni la kuoshea. Jagi lijazwe maji likiwa limechomolewa. Na ile hita ya koili inayotumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya kuoga, nawaomba tuiache. Mtu akiipima joto kwa kidole ikiwa bado imechomekwa, anaweza asirudi kutusimulia.

Umeme unapokatika na kurudi

Hili linatuhusu sana sisi ambao umeme wetu hukatika. Mama ameweka maharage kwenye plate saa kumi jioni. Umeme umekatika. Amesubiri, amechoka, amewasha kuni, wamekula, wamelala. Plate bado iko kwenye namba ya mwisho, na juu yake mtu ameweka ungo au kitambaa. Saa nane usiku umeme unarudi. Hakuna aliye macho.

Umeme ukikatika, jambo la kwanza kabla ya kutafuta tochi ni kuzima na kuchomoa kila chombo cha joto. Acha taa moja tu ikiwa imewashwa, ndiyo itakayokuambia umeme umerudi. Friji nayo ichomolewe, irudishwe baada ya dakika chache, kwa sababu umeme unaporudi unaweza kuja kwa kuruka. Vipo vifaa vya kulinda friji vinavyosubiri vyenyewe kabla ya kuiwasha. Mkinunua friji, nunueni na hicho. Jioni taa zikififia kwa sababu umeme ni mdogo, friji pia izimwe: mota yake huhangaika na kupata joto.

Chagua chombo kinachoupumzisha waya

Sasa habari njema. Chombo kinachobeba mzigo mdogo ndicho pia kinachopunguza gharama za LUKU. Chukueni maharage, chakula chetu cha kila siku. Kwa plate ya wati 1,500, maharage yanayochemka saa mbili na zaidi yanaweza kula uniti 3. Presha kuka ya umeme ya wati 1,000 huchota umeme kwa nguvu mwanzoni tu, kisha inawaka na kuzima yenyewe. Tuseme nusu uniti.

Nyumba ikipika maharage mara 20 kwa mwezi, plate ni uniti 60, presha kuka ni uniti 10. Ongeza uniti 30 za taa, redio na friji ndogo. Nyumba ya kwanza ina uniti 90, ya pili 40. Kwa mteja mdogo wa TANESCO, uniti hadi 75 kwa mwezi ni Sh 100 kila moja kabla ya kodi na tozo. Anayezidi mara kwa mara huhamia kundi ambalo uniti ni Sh 292 tangu ya kwanza. Kwa hiyo nyumba ya pili inalipa Sh 4,000 na nyumba ya kwanza inaweza kujikuta inalipa Sh 26,280, kabla ya kodi. Familia ni ileile na maharage ni yaleyale. Zawadi tuliyopeleka ndiyo iliyotofautisha.

Kwa hiyo kama una nia ya kumnunulia mama jiko la umeme mwaka huu, fikiria presha kuka kabla ya plate. Mwelekeze vizuri: maharage yasizidi nusu ya sufuria kwa kuwa yanavimba, tundu la mvuke lioshwe, na kifuniko kisilazimishwe kufunguka mpaka mvuke wote uishe. Kaa naye apike mara mbili ukiwepo. Kumwachia kitabu cha maelekezo cha Kichina hakutoshi.

Fundi ni nani

Wajibu wa TANESCO unaishia kwenye mita. Kuanzia mita kuja ndani ni wa mwenye nyumba. Na kwa kazi ya ndani, anayeruhusiwa kisheria ni fundi mwenye leseni ya EWURA, ambayo hutolewa kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu. Siyo kosa wala dharau kumwomba fundi aonyeshe leseni. Mimi mwenyewe nikija kukagua vitabu vya kampuni huulizwa cheti changu, na sinuni. Waya, soketi na breka vinunuliwe vyenye alama ya ubora ya TBS, na risiti itunzwe. Waya wa magendo mara nyingi una shaba kidogo kuliko namba iliyoandikwa juu yake.

Moto ukitokea

Hapa nitasema kwa kifupi, na watoto wafundishwe. Kwanza, zima meni swichi. Kila mtu katika nyumba ajue ilipo na aweze kuifikia gizani, kwa hiyo isizibwe na kabati. Pili, usimwage maji kwenye kitu kinachoungua kabla umeme haujakatwa. Ndoo ya mchanga mkavu karibu na jiko inasaidia. Tatu, mtu akinaswa na umeme usimshike kwa mkono. Zima kwanza. Ukishindwa, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa ubao mkavu. Nne, toeni watu kabla ya vitu, na mpige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Lakini tuseme ukweli wa jiografia yetu. Kutoka mjini hadi kijiji cha mwisho, kwa barabara zile na usiku ule, gari la zimamoto haliwezi kushindana na moto. Septemba 2020 tulipoteza watoto 10 katika moto wa bweni la shule moja ya msingi wilayani Kyerwa. Silitaji tukio lile kama la umeme. Nalitaja kwa sababu lilituonyesha jinsi moto wa usiku unavyomaliza kazi yake kabla majirani hawajavaa viatu. Kwa watu wanaoishi mbali na msaada, ulinzi wa kweli ni ule uliowekwa mchana, kabla.

Ombi langu kwa mkutano huu

Ndugu Mwenyekiti, nina mambo matatu.

La kwanza ni la kila familia. Kabla ya safari za Desemba, ndugu wa nyumba moja wakubaliane kwa simu nani analeta nini, wajumlishe wati za vyombo vilivyopo na vinavyokuja, na mmoja wao badala ya kuleta chombo alete fundi. Huyo ndiye atakuwa ameleta zawadi kubwa kuliko wote, hata kama haitapigwa picha.

La pili ni la Umoja. Napendekeza tuanzishe Fungu la Ukaguzi wa Umeme, lenye kifungu chake katika vitabu, lisichanganywe na fungu la pole. Lianze na wajane na wazee wanaoishi peke yao, hata wale ambao hawana mtoto humu ukumbini. Kisha jiko la zahanati na majiko ya shule tunazozisaidia, kwa kuwa taasisi kubwa nazo zimeelekezwa na Serikali kuachana na kuni na mkaa, na jiko la shule likizidiwa na umeme halidhuru mtu mmoja. Kila nyumba ipimwe ethi, ikaguliwe waya na breka, iwekewe RCD kama haina, na soketi moja ya jikoni iliyo sahihi.

La tatu ni la fedha. Sitataja kiasi leo, kwa sababu mhasibu asiyekuwa na makadirio mkononi anyamaze. Kamati ikikubali, tutaomba makadirio kwa mafundi wasiopungua watatu wenye leseni walioko Karagwe na Kyerwa, ili hata fedha yenyewe ibaki nyumbani. Kazi italipwa baada ya kukaguliwa, siyo kabla. Kila nyumba itakuwa na karatasi yake ya taarifa, na orodha nzima itasomwa hapa mwakani, shilingi kwa shilingi. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Ukijaza, andika mbele ya jina lako neno "ukaguzi" ili nijue fungu la kuingizia.

Wazazi wetu walituuzia kahawa ili tusome. Hawakutuuliza itarudi lini. Leo tunawarudishia kwa majagi na mafriji, na tunafanya vizuri. Naomba tu kwamba tunapowapelekea moto nyumbani, tuwapelekee na cha kuuzuia.